Vitabu vya Mahakamani na Maji ya Jirani

Nina kinyaa tangu utotoni. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na pua ya mtu mzima. Mtu akilowesha kidole kwa mate ili afunue ukurasa wa kitabu changu, simwazimi tena, hata aje na wazee kuniomba. Na bado riziki yangu ni kuuza dawa. Nina duka dogo Kabeza, hapa Kigali, kwenye barabara ya uwanja wa ndege, na kutwa nzima watu wananifunulia majipu na kunikoholea usoni. Hao siwaonei kinyaa, maana mgonjwa hana hiari. Kinachonichefua ni uchafu wa mtu mzima mwenye afya yake, anayejua anachofanya, na anayetabasamu huku akikifanya.

Hata vitabu navipima kwa pua hiyo hiyo. Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, katika familia ya Wanyarwanda waliokimbilia huko, na shule yetu ilikuwa na kabati moja la vitabu ambalo padri alilifungua Ijumaa. Wenzangu walipigania riwaya za mapenzi. Nilijaribu mbili nikashindwa. Watu wanakumbatiana kurasa mia mbili na hakuna anayepiga mswaki. Nikamrudishia padri, nikachukua kitabu cha ufugaji wa nyuki, nikakisoma mara nne. Baadaye nikapenda kumbukumbu za mkunga mmoja wa bara, mwanamke aliyeandika mambo yalivyo, damu ikiwa damu na kinyesi kikiwa kinyesi. Kitabu hicho bado ninacho. Kina doa la mafuta ya taa kwenye jalada, na mtu wa pekee aliyewahi kukiazima nilimnawisha mikono kwanza.

Riwaya za mahakamani nilizipata Kigali, baada ya kurudi. Palikuwa na bwana aliyeuza vitabu vikuukuu Gisimenti, ameviweka kwenye meza kando ya banda moja maarufu la nyama choma, kwa hiyo kila kitabu nilichonunua kilinuka mafuta ya mbuzi. Nilikuwa navianika dirishani siku tatu kabla ya kuvisoma. Cha kwanza kilihusu mfagizi wa jengo la serikali aliyeshtakiwa kumtilia bosi wake sumu. Wakili wake alikuwa mwanamke mnene, mwenye kikohozi, asiyependwa na hakimu. Kurasa zote za mwanzo nilimwona mjinga. Kisha akamsimamisha yule shahidi mkubwa, mtu wa tai na saa ya dhahabu, akamwuliza swali moja dogo, na shahidi alipoanza kuzunguka akamkata: jibu ndiyo au hapana. Nilisimama kitandani. Nasema kweli, nilisimama juu ya godoro, mwanamke mzima mwenye watoto wawili.

Asiyeishi na sisi hawezi kuelewa kwa nini maneno hayo yalinipiga hivyo. Sisi Wanyarwanda ni watu wa adabu, na adabu yetu kubwa ni kutosema. Fundi ambaye hatakuja kesho hasemi haji, anasema tutaonana. Ukimwuliza mtu kama amekula, atakujibu habari ya mvua. Hakuna anayesema hapana, na hakuna anayesema ndiyo mpaka ameona unataka nini. Mimi nilirudi na ulimi wa Karagwe, ulimi wa moja kwa moja, na kwa miaka mingi nilikuwa namkera kila mtu bila kujua. Ndani ya vitabu hivyo nikakuta chumba ambamo mtu akiulizwa lazima ajibu, na anayeuliza hatukanwi kuwa hana malezi. Nilivipenda kama watu wengine wanavyopenda kanisa.

Nikavisoma vyote nilivyopata. Kile cha mama anayemtetea dereva aliyemgonga mwanawe. Kile cha kijiji kinachoshtaki kiwanda cha ngozi, ambacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu mwandishi hakuogopa kueleza harufu. Na ule mfululizo wa wakili wa kike mwenye kikohozi, vitabu sita. Nilikuwa na vitano. Cha sita nilikitafuta kila mahali, nikakikosa.

Wa kusoma naye nilikuwa na mmoja tu. Huku Kagarama ninakoishi watu wananunua vitabu vya kufundishwa jinsi ya kuwa tajiri, wanavipiga picha karibu na kikombe cha kahawa, basi, wamesoma. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara alikuwa tofauti. Mstaafu wa forodha, mjane, aliyekulia Uganda, kwa hiyo Kiingereza chake kilikuwa cha shule na Kiswahili chake cha kubahatisha. Kila Jumapili baada ya misa nilivuka barabara na vitabu viwili, nikarudi na viwili. Tulikaa barazani kwake tukinywa maji ya maracuja, yale matunda ya pasheni, na kubishana kama hakimu alikosea. Aligeuza kurasa kwa ncha ya kidole kikavu. Nilimheshimu kwa hilo peke yake.

Baraza lake lilikuwa na harufu. Sitasema sikuisikia, pua yangu naijua. Nilimwuliza mara moja, akacheka, akasema nyumba ya chini wanafuga mbuzi kwa siri. Nikaamini, kwa kuwa ni msomaji.

Sasa, Kigali ni vilima, na kwenye kilima anachomwaga wa juu anakipokea wa chini. Nyuma ya nyumba yake, hatua chache chini ya mteremko, aliishi mukecuru mmoja, ndivyo tunavyowaita bibi wazee kwa heshima. Alikuwa Mwislamu, fundi cherehani wa zamani, ambaye maisha yake yote alishonea watu Nyamirambo kabla binti yake hajamjengea kijumba huku. Jiko lake lilikuwa nje, chini ya bati, limeegemea ukuta wa yule jirani yangu. Tulijuana kwa salamu tu. Alifurahi kuongea nami Kiswahili, akasema huku juu hakuna wa kuongea naye.

Nilichaguliwa kuwa mmoja wa abunzi, wale wasuluhishi wa mtaa wanaokaa na majirani waliogombana kabla jambo halijafika mahakamani. Ilikuwa ni baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, watu wamesimama na majembe yao, wanataka kurudi nyumbani. Mkuu wa umudugudu, yaani mtaa wetu, akanitaja. Akasema huyu mama anasoma vitabu vya mahakama kila siku, sheria anaijua. Nikamwambia zile ni hadithi za kubuni. Akasema vizuri zaidi, basi ameona kesi nyingi kuliko sisi. Watu wakanyoosha mikono, nami sitaficha kwamba nilifurahi mpaka nikasahau jembe langu kule.

Kesi ya tatu niliyoikalia ilikuwa ya mukecuru. Alisema maji machafu yanatoka ukutani kwa jirani wa juu, yanapita jikoni kwake. Kwa utaratibu wetu wanakaa watatu. Kila upande ulitaja mtu wake, na wa tatu akakubaliwa na wote. Mukecuru alimtaja mwalimu mstaafu, mama mmoja mpole aliyekuwa akituongoza. Wa tatu alikuwa muuza vifaa vya ujenzi. Na mstaafu wa forodha akanitaja mimi.

Nilisema hapo hapo kwamba huyu ni rafiki yangu, kwamba katika vitabu hakimu mwenye rafiki kesini hujiondoa. Mwalimu alinitazama kwa huruma. Akasema mtaani hapa kila mtu ni rafiki wa mtu, tukijiondoa wote watakaa kina nani, mbuzi? Nikakaa.

Tulikwenda kuona mahali penyewe. Niseme nini. Maji yalikuwa yanatoka chini ya ukuta kwenye tundu lililozibwa kwa tambara, yanatambaa mpaka chini ya meza ambapo mukecuru alikatia mboga. Palikuwa na povu, nywele, na vitu vyeupe vinavyojongea ambavyo sitavitaja zaidi. Ameweka matofali mawili ili asimame juu yake akipika. Mwalimu alifunika mdomo kwa kitenge. Mimi niliinama kutazama, kwa sababu nilikuwa nimeona rangi. Yale maji yalikuwa na ubuluu, ule ubuluu mwangavu wa dawa ya kuning'iniza chooni. Naiuza dukani. Naijua kama ninavyojua kucha zangu. Huko chini hapakuwa na mbuzi hata mmoja, na hapakuwahi kuwa naye.

Nilitapika nilipofika nyumbani. Harufu nilikuwa nimeshaivumilia kule. Kilichonitapisha ni ile miaka ya Jumapili, maracuja, yule mtu akinieleza kwa sauti nzuri jinsi kiwanda cha ngozi kilivyowatenda wale maskini, huku choo chake kikimiminika kwenye sufuria za bibi. Alilia kwenye kitabu kile. Nilimwona kwa macho yangu akifuta machozi.

Siku iliyotangulia kikao alikuja dukani Kabeza. Alisubiri mteja atoke, akaweka juu ya kaunta mfuko wa khaki. Ndani kilikuwamo kitabu cha sita. Binti yake alikuwa amekileta kutoka nje, kipya, hakijafunguliwa hata kurasa hazijaachana.

"Madam, soma tu pole pole," akasema. "Hii mambo ya maji ni kitu kidogo, itaisha."

Kisha akanunua vidonge vya kichwa, akanishukuru, akaenda. Nilibaki na kile kitabu mbele yangu. Nilikuwa nimekitafuta kwa miaka, na sasa nilikishika kwa glavu. Sikukifungua. Nilikitia chini ya kaunta na nikanawa mikono mara mbili.

Jioni hiyo mwalimu alinipigia simu. Alikuwa na habari njema. Amemtembelea yule mstaafu, wamekunywa chai, wameongea habari za wajukuu, na mwishoni yeye mwenyewe amesema kwamba kwa ajili ya ujirani mwema atachimba shimo jipya na kuziba lile tundu. Kesho tutakaa kidogo tu, tuseme maneno mazuri, wapeane mikono, wanywe fanta, tuandike. Nikamwuliza kama amekiri kwamba maji ni yake. Akasema hapana, na hakuna haja ya kumwuliza.

Nilimwambia hiyo si haki, hiyo ni kufunika kinyesi kwa jani la mgomba. Akanijibu taratibu, kwa Kiswahili alichokiokota Bujumbura ujana wake, kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikasema haki haina nusu. Nilijisikia vizuri nilipolisema, lilikuwa neno la kitabu kabisa.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa kata, akagari kama tunavyoiita, viti vya plastiki, dirisha wazi, majirani wamejaa kwenye benchi la nje kwa kuwa hawana kazi nyingine Jumamosi mchana. Mukecuru alivaa vizuri, mtandio mweupe. Mstaafu alivaa koti. Mwalimu alifungua kwa sala, akasifu majirani wema, akamgeukia mstaafu ili aseme yale waliyokubaliana. Naye akaanza vizuri, kwa Kinyarwanda kitamu, kwamba ingawa maji yale ni ya mvua tu, yeye kwa moyo wa ujirani yuko tayari kusaidia.

Hapo kwenye mvua nilishindwa. Nikaomba kuuliza.

Nilimwuliza kama mvua ya Kagarama ni ya buluu. Watu wa benchi wakacheka. Akasema pengine ni rangi ya mabati. Nikamwuliza mabati yake yana rangi gani, na kila mtu anajua ni mekundu. Nikamwuliza mvua inatumia sabuni gani mpaka itoe povu, na nywele za mvua zina mvi za nani. Alianza kuzunguka, akasema hali ya hewa siku hizi, akasema mafundi wa siku hizi. Mwalimu alinigusa goti chini ya meza. Nikamwambia yule mtu, rafiki yangu wa Jumapili zote hizo, mbele ya majirani zake: jibu ndiyo au hapana, choo chako kinamwagika kwa huyu mama?

Akamtazama mwalimu. Nikafungua mkoba, nikatoa ule mfuko wa khaki, nikatoa kitabu, nikakiweka mezani katikati. Nikaeleza ni nini, kimetoka kwa nani, na lini.

 Muuza vifaa vya ujenzi alitazama sakafu. Mstaafu alinitazama mimi, na jasho lilikuwa limetokea juu ya mdomo wake. Nilifurahi. Nakumbuka vizuri kwamba nilifurahi, na kwamba kinyaa kilikuwa kimenitoka kooni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kuona mahali. Akasema ndiyo. Kwa sauti ndogo, yego, mara moja. Kisha akafunga vifungo vya koti lake na akakaa.

Tuliandika uamuzi wenye nguvu. Azibe, achimbe, alipe jiko. Fanta hazikufunguliwa. Mwalimu alizirudisha kwenye kreti moja moja. Mukecuru alitoka akiwa ameshikwa mkono na binti yake, na nilipompa pongezi aliitikia vizuri lakini hakutabasamu. Nilidhani amechoka.

Jumatatu mstaafu alikata rufaa kwa wasuluhishi wa ngazi ya juu, kwenye Sekta, kama ilivyo haki yake. Alitafuta wakili wa kweli. Aliwaambia watu kwamba hatachimba hata kwa kijiko mpaka jina lake lisafishwe, na kwamba hakuna Mnyarwanda aliyewahi kufanyiwa vile mbele ya watu kwa ajili ya maji. Vitabu vyangu alivyokuwa navyo vilirudi kwenye gunia, vimetupwa getini mwangu, na kila kimoja kimechanwa kurasa za hukumu. Nilivichunguza vyote. Kwenye kimoja alikuwa amepangusia viatu. Nilivichoma, na moshi wake ulinikera siku nzima.

Kule juu kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena. Mara mjumbe mmoja anaumwa, mara wakili yuko safarini. Mvua za masika zikaanza.

Niliteremka kwa mukecuru nikiwa na chupa mbili za klorini za dukani. Sikumkuta jikoni. Lile bati lilikuwa limebaki peke yake, na maji yamefika pale yalipokuwa matofali, tope la buluu na kijivu. Amehamishia imbabura, lile jiko la makaa, ndani ya chumba anacholala. Nguo zake zilikuwa zimetundikwa juu ya sufuria. Harufu ilikuwa imeingia ndani pamoja naye, imo kwenye godoro, imo kwenye pazia. Alinikaribisha kitini, yeye akakaa kitandani, akanimiminia chai ya maziwa.

Nilianza kumweleza. Nikasema haki itapatikana, uamuzi wetu ni mzuri, hata huko juu hawawezi kuupindua, ushahidi uko wazi na yeye mwenyewe alikiri. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwana wangu, wewe uliongea muzuri sana, mimi niliona," akasema. "Lakini ile siku, mbele ya wewe kuongea, huyu mutu alikuwa amekubali kuchimba."

Nikasema alikuwa anadanganya kuhusu mvua.

"Acha adanganye. Mimi sikuwa natafuta maneno yake. Nilikuwa nataka maji itoke kwa jiko yangu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kumjibu. Akaniuliza kama sukari inatosha, kisha akaniuliza rufaa hiyo inaisha lini. Nikamwambia sijui. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, na tukasikia maji yakigonga chini ya mlango. Aliinuka, akafunga kanga magotini, akachukua fagio, akaanza kuyasukuma yarudi uani. Mimi nilikuwa bado na kikombe mkononi, kimejaa. Niliona haya kuziba pua mbele yake, kwa hiyo nilipumua kwa mdomo mpaka chai ikaisha.